Kambi ya Mtandaoni, Kijiti Kimoja na SMS ya Saa 6:25

Najua nimepotea. Kazi ya kuandika programu za watu wengine ina tabia ya kula muda wa kuandika mambo yako mwenyewe, na kila nikiketi hapa kuna mteja anapiga simu kusema kitufe fulani kimegoma. Lakini likizo ya Agosti inakaribia, na kama ilivyo desturi wazazi wameanza kuniuliza swali lile lile: "Wewe si mtu wa kompyuta? Hebu niambie, ni kambi gani ya sayansi ya mtandaoni nimwandikishe huyu mtoto?" Badala ya kumjibu kila mmoja peke yake, naona afadhali niwasimulie kambi moja tu niliyoshiriki, ile ya Agosti 2020, maana yaliyonipata huko ndiyo yaliyobadilisha jibu langu.

Kwanza jina lenyewe. Kambi za kiangazi ni mambo ya Marekani. Kule shule hufungwa kwa wiki nyingi katikati ya mwaka, jua linawaka, na wazazi wanatafuta mahali pa kuwapeleka watoto ili wasikae bure. Sisi tumeichukua kambi pamoja na jina lake na picha zake. Tangazo la kambi yetu lilikuwa na watoto wamevaa miwani ya jua. Sasa wewe uliyewahi kuishi Nairobi mwezi wa Agosti, niambie, umeliona jua wapi? Ni sweta, ni chai, ni mawingu yamekaa juu ya paa kutoka asubuhi. Nililicheka lile tangazo. Sikujua kwamba mawingu hayo yatakuja kunicheka mimi.

Mnakumbuka hali ilivyokuwa. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa tarehe 13 Machi 2020, siku mbili baadaye ikatangazwa kwamba shule zinafungwa, na mwezi wa Julai tukaambiwa mwaka mzima wa masomo umefutwa. Watoto walikuwa nyumbani. Kulikuwa na vipindi vya masomo kwenye redio na runinga, na katika magazeti kila mtu alikuwa akizungumzia masomo ya mtandaoni kana kwamba mtandao ni maji ya bomba. Mwezi huo huo wa Julai yale mabaluni ya Loon yakaanza kutoa intaneti kutoka angani katika sehemu za magharibi na katikati ya Kenya. Tukasema sasa mambo yamejipa. Januari 2021 wenyewe wakatangaza kwamba mradi unafungwa. Lakini hayo ni ya baadaye.

Kikundi kimoja cha watu wanaojitolea kupeleka sayansi kwa watoto kilinitafuta. Walitaka kambi ya wiki mbili, kuanzia Jumatatu tarehe 17 Agosti, kwa watoto wa darasa la sita hadi la nane. Kazi yangu ilikuwa mitambo. Nikasema hiyo ni ndogo. Mimi mwenyewe nimepitia kongamano la sayansi la shule za upili, nimesimama mbele ya majaji na mtambo wa kutotoa vifaranga ambao haukutotoa hata kimoja, na sayansi ile ya kushika kwa mikono ndiyo iliyonifikisha hapa. Nilikuwa na deni.

Wiki ya kwanza tulifanya kama wanavyofanya wenzetu: mkutano wa video kila asubuhi kwa saa moja. Watoto 34 walikuwa wamejiandikisha. Siku ya kwanza waliingia 19. Programu ya video tuliyotumia ilikuwa ya bure, ikawa inakata kila baada ya dakika 40, na kila ikikata wanarudi wachache kuliko waliotoka. Nilipima kwenye simu yangu: saa moja ya mkutano ilimeza zaidi ya megabaiti 600. Fanya hesabu hiyo kwa siku kumi, kisha umpelekee mama aliyesimamishwa kazi hotelini tangu Machi.

Siku ya tatu ndiyo iliyoniuma. Tulimleta mhadhiri mmoja wa fizikia aeleze habari za setilaiti ya Uhuru. Kwa wasioijua, ile ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza eksirei zinazotoka angani, na ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, ndiyo maana Wamarekani na Waitaliano waliokuwa na mradi huo wakaiita kwa neno la Kiswahili. Kisa kizuri ajabu! Mhadhiri alikuwa na picha, alikuwa na utani. Nikaangalia orodha ya waliokuwa ndani: 11. Wote wa Nairobi, Kiambu na mmoja wa Nakuru. Watoto wa pwani, ambao roketi ile ilirukia kwenye bahari yao, hakuwepo hata mmoja. Mmoja alitutumia ujumbe saa nane mchana: "Mwalimu, bando limeisha, mama amerudi na simu jioni kila siku."

Jioni hiyo tulifanya kikao, na ukweli ni kwamba tulikaribia kuifunga kambi. Mwenzetu mmoja alipendekeza tutumie Scratch, ile lugha ya programu ya watoto iliyotolewa na MIT mwaka 2007, ambayo siku hizi inapatikana kwa Kiswahili na unaweza kuisakinisha ukaitumia bila intaneti. Wazo zuri, lakini Scratch inataka tarakilishi au tableti. Tulipowauliza wazazi ni nini hasa kipo nyumbani, jibu lililopata kura nyingi lilikuwa mulika mwizi. Ile simu ya vitufe yenye tochi.

Mulika mwizi ina nini? Ina sauti na ina SMS. SMS moja ni herufi 160. Nikakumbuka kwamba Januari 2008, nchi ilipokuwa inawaka moto baada ya uchaguzi, vijana wa hapa hapa Kenya walitengeneza Ushahidi, wakakusanya taarifa za watu kwa SMS na kuziweka kwenye ramani. Kama herufi 160 zilitosha kwa jambo zito kama lile, nikajiuliza, ni jaribio gani la sayansi ambalo matokeo yake yanaenea ndani ya SMS moja?

Jibu lina umri wa zaidi ya miaka 2,200, na ni la Mwafrika mwenzetu, angalau kwa kuzaliwa. Eratosthenes alizaliwa Cyrene, katika nchi tunayoiita Libya leo, akaja kuwa mkuu wa maktaba ya Alexandria huko Misri. Alijua kwamba katika mji wa Syene, Aswan ya leo, kuna siku moja katika mwaka ambapo jua la mchana humulika mpaka chini ya kisima, yaani liko utosini na kitu kilichosimama hakina kivuli. Siku hiyo hiyo Alexandria vivuli vilikuwepo, na pembe yake ilikuwa sehemu moja ya 50 ya duara. Basi umbali kati ya miji hiyo miwili ni sehemu moja ya 50 ya mzingo wa dunia. Alikadiria umbali huo kuwa stadia 5,000, akapata 250,000. Alipima dunia nzima bila kutoka Misri.

Kinachohitajika ni kijiti kilichonyooka cha mita moja, uzi uliofungwa jiwe uwe timazi ili kijiti kisimame wima, na rula. Unasimamisha kijiti uwanjani, unatia alama mwisho wa kivuli kila baada ya dakika tano kuanzia saa sita hadi saa saba, na unachukua kivuli kifupi kuliko vyote. Kisha unatuma mahali, urefu kwa sentimita, na saa. Hivi: MOYALE 13 12:26. Herufi 15.

Hapa niseme kidogo juu ya hiyo saa, kwa sababu ndiyo kiini cha kisa. Saa sita ya ukutani si saa sita ya jua. Saa zetu za Afrika Mashariki zimepangwa kwa mstari wa longitudo 45 mashariki, ambao uko kule Somalia. Kenya nzima iko magharibi ya mstari huo, kwa hiyo jua hutuchelewa, dakika nne kwa kila digrii. Mwishoni mwa Agosti jua hufika kileleni pale Vanga, mpakani na Tanzania, kama saa sita na dakika 25, Nairobi kama saa sita na dakika 35, na Kisumu kama saa sita na dakika 43. Watoto walipoligundua hili wenyewe, kwa alama zao za mchangani, walifurahi kuliko walivyofurahia video zote za wiki ya kwanza. Mmoja wa Kisumu alinitumia ujumbe: "Anko, saa yenu ya Nairobi ni ya uongo." Nikamjibu kwamba hata yake ni ya uongo.

Wikendi nzima niliandika programu. Nilichukua simu yangu ya zamani ya Android iliyopasuka kioo, nikaitia laini mpya, ikawa inapokea SMS na kuzipeleka kwenye kompyuta yangu, ambako msimbo mfupi wa Python ulizisoma, ukazikagua na kumjibu mtoto papo hapo. Nilijivunia sana sehemu ya ukaguzi. Kama kivuli ni kirefu kupita kiasi, inakataa. Kama saa haipo kati ya 12:00 na 13:00, inakataa. Jibu la kukataa lilikuwa: "Samahani, ripoti yako haijakubaliwa. Angalia tena." Fupi, la heshima, nikalala.

Jumatatu tarehe 24 ripoti zikaanza kuingia, na hapo ndipo mawingu yaliponicheka. Watoto wa Nairobi na Limuru, wenye intaneti ya nyumbani na kompyuta za wazazi, hawakuwa na kivuli! Walikaa nje na vijiti vyao wanaangalia juu. Mmoja tu aliwahi, jua lilipochungulia kwa dakika chache, akapima haraka haraka sentimita 20.5. Moyale jua lilikuwa tele, sentimita 13. Nikachukua hizo mbili. Kwa hesabu ya pembe, Nairobi ni digrii 11.6 na Moyale digrii 7.4, tofauti yake ni 4.2 hivi. Umbali wa kaskazini hadi kusini kati yao, kwa rula kwenye atlasi, ni kama kilomita 530. (Mwanzoni nilitumia fomula ya kompyuta kupata umbali, kisha nikagundua kwamba ndani ya fomula kuna nusu kipenyo cha dunia kimeshaandikwa. Yaani nilikuwa naiba jibu ili nipate jibu. Nikarudi kwenye rula.)

Mzingo wa dunia ukatoka kilomita 45,600. Ule wa kweli, ukipita ncha hadi ncha, ni 40,008. Tulikuwa tumekosea kwa zaidi ya kilomita 5,000, na sababu inaeleweka: sehemu hizo mbili zimekaribiana mno, kwa hiyo kijiti kikiinama kidogo tu kosa linakuzwa mara nyingi. Tulihitaji mtu aliye mbali. Tulihitaji mtu wa kusini kabisa, na wa kusini walikuwa kimya. Nilidhani wameshakata tamaa na kambi, na nilivyokuwa nawaelewa, sikuwalaumu.

Jumatano jioni simu ikalia, namba siijui. Sauti ya mama mtu mzima.

"Wewe ndiye mwalimu wa vijiti?"

"Ndiyo mimi. Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Mimi ni bibi yake huyu msichana wa Vanga. Nataka kukuuliza, huyu mtoto amekukosea nini?"

Nikamwambia sijaelewa.

"Siku tatu hizi yuko juani. Ufito ameupiga randa mwenyewe, wa mkoko. Anapima, anakuandikia kwa simu yangu hii, nawe unamjibu haijakubaliwa. Jana kapima mara mbili. Leo hakula mchana. Anasema labda hajui kusoma rula. Sasa mimi rula najua, marehemu babu yake alikuwa fundi wa mashua, nimempimia mwenyewe. Iko sawa. Kwa hiyo niambie, kosa ni nini?"

Nikafungua kompyuta huku bado yuko kwenye laini. Sikuwa nimeangalia zile ripoti zilizokataliwa, maana kazi ya programu ilikuwa kunipunguzia kazi. Zilikuwa 14. Ya kwanza ilisema: VANGA 28 6:25.

Saa sita na dakika ishirini na tano. Mtoto alipewa maelezo kwa Kiswahili, akasoma saa kwa Kiswahili, akaandika kwa Kiswahili. Na mimi, ambaye kwa mdomo wangu nilikuwa nimewaambia watoto wote "kuanzia saa sita hadi saa saba", nilikuwa nimekaa usiku nikaiandikia mashine 12:00 na 13:00. Kwa programu yangu, 6:25 ilikuwa alfajiri. Katika zile 14, tisa zilikuwa na kosa hilo hilo: Vanga, Lunga Lunga, Kwale, Kilifi. Wale wa kusini niliodhani wamenyamaza walikuwa wakiniandikia kila siku, kwa zaidi ya shilingi moja kila ujumbe kutoka kwenye salio la bibi na mama zao, na mimi nilikuwa nawajibu kwa mashine kwamba waangalie tena.

"Bibi," nikamwambia, "kosa si lake. Ni langu mimi."

"Basi mwambie mwenyewe," akasema, na nikasikia simu ikipokewa na mtu mwingine.

Kumwomba radhi mtoto wa darasa la saba ni kazi ngumu kuliko kumwomba radhi mteja. Mteja anataka tu mtambo ufanye kazi. Huyu alikuwa kimya upande wa pili, nikieleza habari ya saa ya Kizungu na saa yetu na kwamba kompyuta hufanya ilivyoambiwa. Mwisho akauliza: "Kwa hiyo 28 ni sawa?" Nikamwambia ngoja tuone pamoja. Nikamsomea hesabu hatua kwa hatua, yeye akiandika upande wake. Vanga 28, digrii 15.6. Moyale 13, digrii 7.4. Tofauti 8.2. Na jambo lililonisisimua ni kwamba Vanga na Moyale ziko karibu kwenye mstari mmoja wa longitudo, zote kwenye 39 na kitu, jua linazifikia kwa tofauti ya dakika moja tu. Hata Eratosthenes hakuwa na bahati hiyo, maana Aswan iko mashariki ya Alexandria kwa digrii kama tatu. Kilomita 900 kwa rula. Tukapata 39,000 na ushei.

"Na kwenye kitabu ni ngapi?"

"Elfu arobaini na nane."

"Elfu arobaini na nane!"

Kiswahili tena. Nikarekebisha: elfu arobaini, na nane ndogo. Kosa lisilofika mbili kwa mia. Alicheka, na nikamsikia akimweleza bibi yake kwamba yeye na mtoto wa Moyale asiyemjua wameipima dunia. Bibi akauliza wamelipwa ngapi.

Usiku huo nilibadilisha msimbo. Programu sasa inaikubali saa yoyote ile, ya Kiswahili au ya Kizungu, na ikiwa na shaka inauliza: "Je, ulipima mchana?" Zaidi ya hapo, ripoti ikikataliwa mara mbili inanipigia kengele mimi, binadamu, niisome. Hilo la pili ndilo la maana. Ukaguzi wowote wa mashine unaomwambia mtoto amekosea bila mtu mzima kuusoma ni mlango uliofungwa kwa ndani, na aliyeko nje hana namna ya kujua kama kuna mtu chumbani.

Haimaanishi kwamba kambi yote ilikuwa sukari. Kati ya wale 34, walioendelea hadi Ijumaa walikuwa 20. Mzazi mmoja wa Nairobi alinipigia kulalamika kwamba alilipia mtoto ajifunze kompyuta na sasa anamwona uani anachomeka kijiti, na kwamba kijiti hata mjomba wake kijijini angemfundisha bure. Sikuwa na jibu zuri. Mwingine alitaka cheti. Tukatengeneza vyeti. Nao wale watoto wa Nairobi, jua lilipotoka Alhamisi, walichukua namba za wenzao wote na kuchora kwa Scratch paka anayetembea kutoka Vanga hadi Moyale huku kivuli chake kikifupika. Ilipendeza kweli, na wale wa Vanga hawakuweza kuiona. Nililazimika kuwaeleza kwa maneno: "Kuna paka..."

Basi mzazi unayeniuliza ni kambi gani, mimi siangalii tena uzuri wa tovuti wala majina ya wageni watakaozungumza. Namuuliza mwenye kambi saa moja inakula megabaiti ngapi. Kama hajui, hajawahi kuinunulia bando kwa pesa yake. Namuuliza mtoto atafanya nini simu ikiondoka na mama kwenda kazini. Halafu namuuliza nani anasoma swali la mtoto, na baada ya muda gani. Na kuna jambo ambalo sikulifikiria kabla ya ile Jumatano: je, katika kambi yenu kuna kazi ambayo mtoto wa mbali ndiye anayeiweza? Maana nilikuwa nimezoea kumfikiria mtoto wa Vanga kama mtu wa kusaidiwa, aliyeko pembezoni, wa kutafutiwa mfadhili. Katika jaribio la vivuli umbali wake ndio uliotupa jibu. Watoto wa Nairobi peke yao, pamoja na intaneti yao, wangepima vivuli vinavyolingana mpaka Krismasi wasipate dunia ina ukubwa gani.

Siku ya mwisho yule binti alituma swali. Alikuwa amekumbuka kile kisima cha Syene. "Hapa kwetu je, kuna siku kivuli hupotea?" Nikafanya hesabu. Ndiyo, mara mbili kwa mwaka, jua linapopita juu ya Vanga likielekea kusini na tena likirudi kaskazini. Nikamwandikia: jaribu siku za kwanza za Oktoba, na jua litakuwa linawahi kidogo kuliko Agosti. Kisha kambi ikaisha, kazi za wateja zikarudi, nikasahau.

Simu ile iliyopasuka kioo ilibaki juu ya kabati, iko kwenye chaji, programu inaendelea. Jumapili tarehe 4 Oktoba 2020, nikiwa nakula chakula cha mchana, ikatoa mlio. Nikaichukua. VANGA 0 6:12.

Kabla sijamaliza kufurahi nikaona programu yangu imeshamjibu: "Samahani, ripoti yako haijakubaliwa. Angalia tena." Wanaojua Python wameshaelewa. Nilikuwa nimeandika kwamba kama hakuna urefu wa kivuli, kataa, na Python ukiiuliza hivyo huhesabu sifuri kuwa ni kukosa kitu. Nikaacha sahani, nikakimbilia kompyuta. Nikiwa bado naandika nenosiri, simu ikalia tena.

"Nimeangalia tena. Ni 0. Rekebisha mashine, Mwalimu."